Sayyidna Umar bin Khattab (RA): Mlinzi wa mali ya wote

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na maswahaba zake.

Ndugu wasomaji, msafiri anayetoka hapa Katandala kuelekea vijiji vya uwanda wa Ufipa huona pembeni mwa njia matuta ya mviringo ambayo ndani yake wakulima wamefukia majani ili yaoze na kuwa mbolea. Akitazama mbali zaidi huona nyika pana, mahali ambapo ng'ombe wa watu wengi hulishwa pamoja, na mabonde yenye chemchemi ambamo kila nyumba huchota maji. Tuta lina mwenyewe, lakini malisho na chemchemi ni vya wote. Maisha ya mkulima wetu yamesimama juu ya miguu hiyo miwili, na ukikatika mmoja, uliobaki hautambeba.

Siku hizi mguu mmoja umeanza kulegea. Watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, na mahindi yamekuwa biashara kubwa. Kwa hiyo linasikika swali: kwa nini eneo la wote lisigawanywe, kila mtu akachukua kipande chake, akalima au akauza? Anayeuliza hivyo si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni mtu mwenye watoto na haja.

Swali hilo si geni. Liliulizwa miaka ipatayo 1,400 iliyopita, tena na watu wema, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kuamua. Mtu huyo ni Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (RA), Khalifa wa pili. Waislamu wengi tunamjua kwa uadilifu na ukali wake. Leo tuyatazame maisha yake kwa upande ambao hautajwi sana: namna alivyoijenga mali ya pamoja na kuilinda.

MCHUNGA NGAMIA WA MAKKA

Umar alizaliwa Makka katika ukoo wa Banu Adiyy, miongoni mwa koo za Kikureshi, miaka ipatayo 13 baada ya Mwaka wa Tembo. Ukoo wake uliheshimiwa, lakini haukuwa na utajiri wala nguvu za Banu Makhzum au Banu Umayya. Baba yake, Khattab, alikuwa mtu mgumu. Alimtuma mwanawe kuchunga ngamia mahali paitwapo Dajnan, akamchosha kwa kazi na kumpiga alipozembea. Miaka mingi baadaye, akiwa Khalifa, Umar alipita mahali hapo, akakumbuka jinsi alivyochunga hapo akiwa kijana na jinsi Mwenyezi Mungu alivyomfikisha alipofika.

Kumbukumbu hiyo ina maana kubwa katika mada yetu. Mtu aliyewahi kuzunguka na wanyama jua kali akitafuta jani la kuwalisha anaijua thamani ya malisho. Anajua pia jinsi mwenye nguvu anavyoweza kulifunga bonde zima kwa ajili ya wanyama wake, na mnyonge akafukuzwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mabwana wakubwa wa Arabuni kabla ya Uislamu.

Alijifunza kusoma na kuandika, jambo ambalo wachache walilijua katika Makka ya wakati ule, na alifanya biashara ya misafara. Alisilimu katika mwaka wa sita wa utume, baada ya kuingia kwa hasira nyumbani kwa dada yake Fatima na mumewe Said bin Zayd, na kukutana na aya za Surat Taha.

MADINA: KUGAWANA KAZI NA MATUNDA

Waislamu walipohamia Madina mwaka 622 Miladia, Muhajirina walifika mikono mitupu. Nyumba na bidhaa zao zilibaki Makka. Ansari walimwendea Mtume (SAW) wakamtaka awagawie ndugu zao hao mitende yao nusu kwa nusu. Mtume (SAW) hakukubali kuigawa mitende yenyewe. Wakakubaliana njia nyingine: Muhajirina washiriki kazi ya shambani, kisha wote wagawane matunda. Uchumi wa Madina ukaanza kwa mapatano hayo ya kushirikiana jasho na mavuno.

Umar mwenyewe aliishi pembezoni mwa mji, na alikuwa na jirani yake wa Kiansari. Kwa kuwa wote wawili walikuwa na shughuli za kutafuta riziki, walipeana zamu. Siku moja Umar alishuka kwa Mtume (SAW) akasikiliza yaliyoteremshwa na yaliyosemwa, akarudi akamweleza jirani yake. Siku ya pili jirani akashuka, na Umar akabaki kazini. Hakuna aliyekosa elimu, na hakuna aliyekosa riziki. Wazee wetu wa Ufipa waliolimiana mashamba kwa zamu wangeufahamu utaratibu huo bila kuelezwa.

SHAMBA LA KHAYBAR

Baada ya Khaybar kufunguliwa mwaka wa 7 Hijria (628 Miladia), Umar alipata huko kipande cha ardhi ambacho alikiri kuwa hajawahi kupata mali bora kuliko hiyo. Akaenda kumuuliza Mtume (SAW) aifanyie nini. Akashauriwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake.

Umar akafanya hivyo, na akaweka masharti: ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Mazao yake yawe kwa mafukara, jamaa, kuwakomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, wasafiri na wageni. Msimamizi anaruhusiwa kula kwa kiasi cha wema na kumlisha rafiki, bila kujilimbikizia mali. Wanazuoni wanaihesabu hati hiyo kuwa miongoni mwa misingi mikuu ya wakfu katika Uislamu, na kutokana nayo zimechipuka wakfu za misikiti, visima, madrasa na hospitali, kuanzia Damascus na Cairo hadi Zanzibar, Lamu na Mombasa.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Wakfu wa Umar haukuwa mali iliyotelekezwa. Ulikuwa na mipaka, msimamizi, wanaostahiki na miko. Mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe, bali ni mali yenye wenyewe wengi, na kwa sababu hiyo inahitaji utaratibu mkali kuliko mali ya mtu mmoja.

MJADALA WA ARDHI YA IRAQ

Umar alishika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria (634 Miladia) baada ya kufariki Sayyidna Abubakar (RA). Miaka michache baadaye majeshi ya Waislamu yaliwashinda Waajemi, na nchi ya Sawad, yaani ardhi nyeusi yenye rutuba baina ya mito Tigris na Euphrates, ikawa mikononi mwao.

Ndipo swali likaja. Kanuni iliyojulikana ni kuwa moja ya tano ya ghanima huenda katika hazina, na sehemu nne hugawiwa wapiganaji. Farasi, silaha na dhahabu viligawanywa bila shida. Je, na ardhi igawanywe? Wapiganaji walisema ndiyo. Bilal bin Rabah (RA) alisimama upande huo kwa nguvu kubwa, na Zubayr bin Awwam na Abdurrahman bin Awf (RA) walikuwa na rai hiyo. Hawa hawakuwa watu wa tamaa. Walikuwa maswahaba wakubwa, na walikuwa na hoja ya kisheria.

Umar aliona jambo jingine. Farasi hugawanywa na habari yake ikaisha, lakini ardhi huzaa kila mwaka. Ikigawanywa pamoja na mito yake, itarithiwa na watoto wa watu wachache, kisha wajukuu wao, na mtu atakayekuja baadaye hatakuta kitu. Mayatima na wajane wa nchi hiyo watalishwa na nini? Mipaka italindwa kwa mali gani? Ali, Uthman na Talha (RA) walikubaliana naye.

Mjadala uliendelea siku kadhaa na maneno yakawa makali. Khalifa alikuwa na uwezo wa kuamuru tu, lakini hakufanya hivyo. Aliwaita watu 10 wa Kiansari, watano wa Aws na watano wa Khazraj, akawaeleza kwamba yeye katika jambo hilo ni mmoja kama wao, na kwamba hataki wafuate matamanio yake. Akawakumbusha aya za Surat al-Hashr, kuanzia ya 7 hadi ya 10, ambazo zinataja wanaostahiki: mafukara wa Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Kwa hao wa mwisho Umar alipata hoja yake. Mtu ambaye bado hajazaliwa ana fungu katika ardhi, na si halali kumdhulumu kwa sababu hana mdomo wa kudai.

Baraza likakubali. Uthman bin Hunayf na Hudhayfa bin al-Yaman (RA) wakatumwa kuipima ardhi. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Baghdad aliyefariki mwaka 798 Miladia, ameandika katika kitabu chake cha Kharaji kwamba ilipatikana jarib milioni 36. Wakulima wenyewe, wengi wao wasiokuwa Waislamu, wakaachwa mashambani mwao, wakalipa kodi ya kharaji, nayo ikaingia Baitul-mali. Maimamu wetu wametofautiana katika kuifasiri hukumu hii. Imam Malik aliona kwamba ardhi ya namna hiyo huwa wakfu, Imam Abu Hanifa akampa kiongozi hiari ya kuangalia maslahi, na Imam Shafi akaona kwamba Umar aliwaridhisha kwanza waliostahiki. Lakini wote wameizingatia.

MLINZI WA MALISHO

Mtume (SAW) alikuwa amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Umar aliyageuza mafundisho hayo kuwa utawala. Alitenga malisho ya hifadhi, ambayo kwa Kiarabu huitwa hima, katika maeneo ya Sharaf na Rabadha, kwa ajili ya ngamia wa sadaka na wa jeshi. Akamweka mlinzi aitwaye Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru.

Maelekezo aliyompa mlinzi huyo yamehifadhiwa katika Sahih Bukhari. Alimtaka awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache. Ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan, matajiri wawili wa Madina. Hakuwa na ugomvi nao, kwani walikuwa miongoni mwa vipenzi vya Mtume (SAW). Sababu aliitaja wazi: mifugo ya hao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini mifugo ya mnyonge ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa, naye hataweza kuwaacha. Kumpa maji na majani leo ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha kesho. Hii ni hesabu ya uchumi kamili, na ni hesabu ya huruma vilevile.

Wala hakuiacha familia yake. Imepokewa kwamba mwanawe Abdullah alinunua ngamia, akawalisha katika hima, wakanenepa. Umar alipowaona sokoni na kuambiwa ni wa nani, alihofu kwamba watu waliwapisha kwa kuwa ni ngamia wa mtoto wa Khalifa. Akamwamuru achukue mtaji wake, na faida iende Baitul-mali.

Kwa walioshika ardhi wasiyoweza kuilima alikuwa na hukumu nyingine. Bilal bin al-Harith al-Muzani (RA) alikuwa amepewa na Mtume (SAW) bonde la Aqiq. Umar alimweleza kwamba hakupewa ili awazuie watu, basi abaki na kile anachoweza kukilima na kilichosalia akirudishe.

Na katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Dahhak bin Khalifa, aliyetaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Mwenye ardhi alikataa, ingawa maji yangemnufaisha naye mwanzo na mwisho bila kumdhuru. Umar akaamua kwamba mfereji utapita, hata kama ingebidi upite juu ya tumbo la anayekataa. Umar hakumnyang'anya mtu shamba lake, lakini hakuruhusu haki ya mmoja iwe kizuizi cha riziki ya jirani pale ambapo hakuna madhara.

MWAKA WA RAMADA

Mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia) mvua zilikatika Hijazi, na ardhi ikawa na rangi ya majivu, ndipo mwaka huo ukaitwa Ramada. Watu wa majangwani walimiminika Madina. Umar aliandika kwa magavana wa Sham na Iraq, misafara ya chakula ikaja, na watu wakapikiwa katika masufuria ya pamoja. Yeye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wazipate, akala mafuta hadi rangi yake ikabadilika. Akaahirisha ukusanyaji wa zaka mwaka huo.

Imepokewa pia kwamba aliazimia, ukame ungeendelea, kuingiza katika kila nyumba yenye chakula idadi ya wahitaji sawa na watu wa nyumba hiyo, kwa sababu watu hawafi kwa kushiba nusu. Aliweza kupanga hivyo kwa sababu hazina ilikuwa na kitu, na hazina ilikuwa na kitu kwa sababu ardhi ya Iraq haikugawanywa.

MWISHO WAKE

Siku chache kabla ya kifo chake aliwauliza wapimaji wake wawili kama wamewatwisha watu wa Iraq wasichokiweza. Wakasema hapana. Akaeleza kwamba akijaaliwa kuishi atawaacha wajane wa Iraq katika hali ya kutomhitaji mwanamume yeyote baada yake. Hakujaaliwa. Mwishoni mwa Dhul-Hijja mwaka wa 23 Hijria (Novemba 644 Miladia) alichomwa jambia katika Sala ya Alfajiri na Abu Lu'lu'a. Katika maumivu hayo alimwita Abdullah wahesabu madeni yake. Yakafika dirhamu 86,000 au karibu na hapo. Akausia yalipwe kutoka mali ya familia yake, isipotosha waombwe Banu Adiyy, kisha Makureshi. Mtu aliyeshika hazina ya Iraq, Sham na Misri alikufa akidaiwa, na hakutaja Baitul-mali katika kulipa. Alizikwa pembeni ya Mtume (SAW) na Abubakar (RA), baada ya Bibi Aisha (RA) kutoa idhini.

TUJIFUNZE NINI

Ndugu wasomaji, nchi yetu ina sheria inayokaribiana na fikra hii. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu binafsi na kaya, na ardhi ya akiba. Lakini sheria bila mlinzi ni karatasi. Malisho hayapotei kwa siku moja. Hupotea kwa hatua kumi kumi, kila mwenye shamba la jirani akisogeza jembe kidogo, na wenye dhamana wakinyamaza kwa kuwa anayesogeza ni jamaa yao.

Tujifunze pia kwamba ushirika haukai kwa amri peke yake. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, na vyama vya namna hiyo vikaenea nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Kilichokatika ni rahisi kukirudisha katika vitabu vya sheria, ila imani ya mwanachama huchukua muda mrefu zaidi. Umar alikuwa na amri na hakuitumia mpaka watu wameshauriana. Mkutano mkuu wa kijiji usioitishwa, au unaoitishwa baada ya mambo kuamuliwa, hauwezi kuzaa ushirika.

Hapa Ufipa Waislamu ni wachache, na majirani zetu wengi ni Wakristo. Chemchemi haimuulizi mtu dini yake, na wakulima wa Sawad hawakuulizwa kabla ya kuachiwa mashamba yao. Basi tuwe wa mbele katika mambo manne. Tujue mipaka ya eneo la wote na tuiweke alama. Tuchague mlinzi anayemwogopa Mwenyezi Mungu, na tumpe haki yake. Mwenye ng'ombe watatu atangulie mbele ya mwenye mia tatu pale majani yanapokuwa machache. Na mahindi yetu tuyakusanye katika ghala moja tuuze kwa sauti moja, kuliko kila mtu kukimbilia mnunuzi kwa bei ya shida.

Aliye na dhamana aanze na ngamia wa mwanawe. Hapo ndipo watu walipomwamini Umar, na hapo ndipo watakapotuamini au kututilia shaka sisi. Mtoto atakayezaliwa Katandala miaka 50 ijayo atauliza maji yako wapi na malisho yako wapi, na sisi hatutakuwepo kumjibu. Tutajibu mahali pengine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amridhie Sayyidna Umar, atujaalie uadilifu katika dhamana zetu, na atupe mvua zenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.